Maji mekundu, maji maangavu: jinsi mbolea inavyotoroka shambani

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka jana, mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Manitoba, Kanada, anakofanya kazi kwenye shamba la ng'ombe na nafaka. "Jambo mjomba," alisema, na nyuma ya sauti yake upepo ulivuma kama mtu anayepiga mluzi. "Tanki la samadi limejaa, mashamba yako wazi, lakini patroni amekataza tusimwage hata ndoo moja mpaka tarehe kumi ya mwezi wa nne. Anasema ni sheria. Eti kwa sababu ya theluji. Sasa theluji si maji? Ikiyeyuka si itashuka chini na samadi yake?"

Kijana huyu amezaliwa Kabare, huku kwetu Kivu Kusini, Kongo, katika boma ambalo samadi haikungoja tarehe. Kila asubuhi mama yake, dada yangu, aliizoa zizini, akaichanganya na majivu ya jikoni na maganda ya ndizi, akaifukia kwenye vishimo kando ya migomba nyuma ya nyumba. Mtu aliyelelewa hivyo, akiambiwa kuna miezi mitano mizima ambayo samadi haitakiwi kugusa ardhi, ana haki ya kushangaa. Nilimjibu haraka, nikiwa njiani kuelekea Nyawera, hapa mjini Bukavu, kwamba ni habari ya mmomonyoko tu, kama huku kwetu.

Baada ya wiki mbili akanitumia picha. Alikuwa amejaza chupa ya plastiki kwenye mfereji wa shamba siku theluji ilipoanza kuyeyuka. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma maandishi yaliyo nyuma ya chupa. Chini ya picha aliandika: "Mmomonyoko uko wapi hapa, mjomba?"

Haukuwapo. Nilikuwa nimemjibu vibaya. Siku hiyohiyo mvua ya masika ilikuwa imepiga Bukavu tangu alfajiri, na mto Kawa ulikuwa ukishuka kuelekea ziwani ukiwa mwekundu kama mawese. Nikafikiria chupa mbili: ile ya kwake, na ile ambayo ningeijaza mimi pale Kawa. Zote mbili zimebeba mbolea iliyotoroka mashambani. Lakini mbolea hiyo haikutoroka kwa njia moja, na dawa inayoponya chupa nyekundu inaweza kuizidishia ubaya ile angavu. Nimelitafuta jibu lake vizuri zaidi tangu siku ile, na hapa ndipo ninapoliandika.

Tuanze na kinachotoroka. Mmea hula vitu vingi kutoka ardhini, lakini vinavyosumbua maji ni viwili: naitrojeni na fosforasi, zile herufi N na P zinazoandikwa kwenye mfuko wa NPK. Naitrojeni, ikishageuka nitrati, haina pa kushika. Maji yakienda nayo huenda, hasa kuelekea chini, kwenye visima na kwenye mabomba ya kukausha mashamba. Fosforasi tabia yake ni nyingine. Inapenda kushikana na chembe za udongo, hasa panapokuwa na chuma na alumini, na inaweza kukaa mahali pamoja miaka mingi bila kusogea. Kwa hiyo wakulima wengi waliaminishwa kwamba fosforasi haiendi popote, labda udongo wenyewe uende. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli nusu.

Kwamba fosforasi ndiyo inayogeuza maziwa kuwa kijani kulionyeshwa kwa namna ambayo hata mtoto angeielewa. Mwaka 1973, kaskazini-magharibi mwa Ontario, mtafiti wa maziwa David Schindler na wenzake walichagua ziwa dogo lisilo na jina, lina namba tu, 226, lenye kiuno chembamba katikati. Walilikata kwenye kiuno hicho kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia vilevile, ila wakaongeza fosforasi. Upande wa fosforasi ulivaa utando wa kijani, na ule mwingine ukabaki na maji yake meusi ya msituni. Picha yake iliyopigwa kutoka angani ilisaidia sana kuwashawishi wakuu wa Kanada na Marekani wapunguze fosforasi kwenye sabuni za kufulia.

Ugumu wa jambo hili uko kwenye vipimo. Ziwa likifikisha miligramu 0.02 hadi 0.03 za fosforasi kwa kila lita, tayari liko kwenye hatari ya kuota mwani, ule utando wa kijani, kupita kiasi. Ukipiga hesabu, gramu moja, ambayo haijazi hata ncha ya kijiko, inatosha kuharibu lita zipatazo 40,000. Mkulima wa ngano wa Kanada anatia shambani labda kilo 10 hadi 20 za fosforasi kwa hekta kwa mwaka. Akipoteza kilo moja, hataiona kwenye mavuno wala kwenye mfuko wake, maana thamani yake ni ya soda chache. Ziwa ndilo litakaloiona, kwa kuwa kilo hiyo moja inatosha lita milioni 40. Mimi ninamwelewa kabisa mkulima anayekataa kuambiwa kwamba yeye ndiye anayeharibu ziwa, kwa sababu kwa macho yake hajapoteza chochote.

Mwani ukizidi, mambo hayaishii kwenye rangi. Ukifa unazama, bakteria wanauozesha, na katika kuozesha wanamaliza oksijeni iliyokuwa ya samaki. Aina nyingine hutoa sumu. Mwezi wa nane mwaka 2014, mji wa Toledo huko Marekani, ulio kando ya ziwa Erie, uliwatangazia watu wapatao nusu milioni kwamba wasinywe maji ya bomba, kwa sababu sumu iitwayo mikrosistini ilikuwa imefika kwenye mtambo wa maji. Wapo wasomaji wetu wanaoteka maji ya ziwa kwa bidoni na kuyachemsha, nao ninawaomba walishike hili moja: kuchemsha hakuiondoi sumu ya namna hiyo. Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki na kukolea.

Sasa turudi kwenye zile chupa mbili, na tuzielewe kwa kikombe cha chai. Ukipika chai unaweka majani na unaweka sukari. Vyote viwili vinaenda na maji, lakini siyo sawasawa. Majani yanaelea, unayaona, na ukipitisha chai kwenye chujio yanabaki juu. Sukari imeyeyuka. Huioni, na hakuna chujio la jikoni litakaloishika. Fosforasi husafiri kwa njia hizo zote mbili. Inaweza kupanda mgongo wa udongo, ikawa kama majani ya chai, na inaweza kuyeyuka ndani ya maji, ikawa kama sukari. Ile iliyoyeyuka mwani huinywa yote na mara moja. Ile iliyoshikana na udongo, ni sehemu yake tu inayofika midomoni mwa mwani, nayo kwa kuchelewa. Nyingine inazama na tope.

Chupa ya Kawa ni chupa ya majani ya chai. Ya Manitoba ni ya sukari.

Kwa nini baridi inafanya hivyo? Inabidi nikae hapa kidogo, kwa sababu sisi tuliokulia mahali ambapo maji hayajaganda nje hata siku moja tunaliwaza jambo hili vibaya. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, maji yaliyomo kwenye matundu madogo ya udongo wa Manitoba yanageuka barafu. Shamba zima linakuwa kama limemwagiwa simenti. Juu ya simenti hiyo theluji inarundikana miezi minne au mitano, wala hakuna kinachotiririka. Mwezi wa nne jua linarudi, na akiba ya msimu mzima inashuka ndani ya wiki moja hadi tatu. Kwenye nyanda za Kanada, takribani asilimia 80 ya maji yote yanayotiririka kutoka mashambani kwa mwaka ni ya theluji hiyo. Mvua ya kiangazi chao inanyweka ardhini, au mimea inaimaliza. Kwa hiyo hesabu nzima ya mwaka inafungwa katika siku chache, na katika siku hizo ardhi bado ni simenti. Jibu la kwanza la swali la mpwa wangu ni hilo: theluji ni maji, ndiyo, lakini inayeyuka huku mlango wa chini umefungwa. Samadi iliyomwagwa juu ya theluji haina pa kuingia. Inakwenda na maji mpaka mtoni.

Wala usitegemee kuliona tope. Tone la mvua ya Kabare huanguka kwenye mteremko kama nyundo, linapasua bonge la udongo, linarusha chembe zake juu, na maji yanayokimbia yanazibeba. Theluji haina matone. Maji yake yanajitokeza polepole na kujikokota juu ya nchi ambayo ni tambarare kuliko uwanja wa mpira. Bonde la mto Red, unaopita Manitoba, lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la kale, Agassiz, na bado liko sawa kama sakafu. Udongo umekazwa na barafu, hakuna cha kubomoa. Lakini maji hayo yanalala siku nyingi juu ya mabua, majani yaliyokufa, samadi ya zamani, na sentimita chache za juu za udongo ambako mbolea imejazana. Yanaloweka. Yakifika mtaroni yanapendeza macho, na yamejaa sukari.

Mimea yenyewe inaongeza. Mwenye kigandishi nyumbani anaweza kujionea: weka nyanya moja ndani yake usiku mmoja, kesho uitoe uiache kwenye sahani. Ile nyanya ngumu inalegea na kumwaga maji, kwa sababu maji ya ndani yalipoganda yalitanuka na kupasua kuta za seli zake. Ndivyo inavyokuwa kwa kila jani la kijani linalokutwa na baridi shambani. Likiganda na kuyeyuka, tena likaganda na kuyeyuka, fosforasi iliyokuwa salama ndani ya seli inavuja. Jani la mti, nyasi za ukingoni, hata mazao yaliyopandwa makusudi kufunika ardhi, yote yanavuja. Nilipolielewa hili nilisikitika, nakiri, kwa kuwa nimetumia miaka mingi kuwahubiria wakulima wa Walungu kwamba ardhi iliyofunikwa ni ardhi iliyookoka.

Kuna mahali ambapo jambo hili lilipimwa kwa uvumilivu mkubwa. Kusini mwa Manitoba, kwenye kijito cha South Tobacco, watafiti walifuatilia mabonde mawili madogo yaliyo jirani, yanayofanana kama mapacha, kwa miaka mingi. Moja liliendelea kulimwa kama zamani kwa kupindua udongo. La pili likahamia kwenye kilimo cha kuhifadhi, yaani udongo hautifuliwi, na mabaki ya mavuno yanaachwa juu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalianza kama mtu angetarajia: tope lililotoka shambani lilipungua kwa asilimia 65, naitrojeni kwa asilimia 68. Fosforasi ikaongezeka kwa asilimia 12, na sehemu kubwa yake ilikuwa ile iliyoyeyuka, hasa wakati wa theluji kuyeyuka.

Tulifikirie hilo vizuri. Wale wakulima hawakukosea, walifuata ushauri bora kabisa wa kuokoa udongo, na udongo ukaokoka kweli. Lakini shamba lisilopinduliwa linaacha mbolea ya kila mwaka juujuu, pamoja na mabaki ya mimea inayoganda na kuvuja, na hapo juujuu ndipo maji ya theluji yanapolala. Waliweka chujio zuri la majani ya chai wakati kilichokuwa kinatoroka ni sukari. Ushauri uleule, ukipelekwa kwenye milima yenye mvua kali, unaokoa udongo na fosforasi kwa pamoja, maana huko vinasafiri pamoja. Kwa hiyo ninapoona mradi unaleta Kivu picha za mashamba ya nchi nyingine na kusema "fanyeni hivi," au mtu anachukua ya kwetu na kuyapeleka kwenye theluji, swali langu la kwanza ni moja: huko maji yanatiririka mwezi gani, na yana rangi gani?

Ukanda wa nyasi kando ya mto, ambao vitabu vingi vinausifu, nao unayumba kwenye baridi. Kazi yake ni kupunguza mwendo wa maji ili tope litue, na mizizi ifyonze kilichobaki. Mwezi wa nne huko mizizi bado imelala, tope la kutua halipo, na nyasi zenyewe zimeganda majira yote ya baridi, sasa zinavuja. Haufai kung'olewa kwa ajili hiyo, kwa sababu unazuia kingo zisibomoke na unahifadhi wadudu na ndege. Ila usipokatwa na nyasi zake kuondolewa kabla ya baridi, unaweza kuwa mmoja wa wanaoongeza.

Mto Red wenyewe una mkosi wake wa jiografia. Unatoka Marekani na kuelekea kaskazini. Kusini theluji inayeyuka kwanza, maji yanashuka, yanakuta mto mbele yao bado umeganda, yanapanda kingo na kulala mashambani. Mwaka 1997 mafuriko yake yaliwalazimisha karibu wakazi wote wa Grand Forks, North Dakota, kuuhama mji. Shamba lililozama siku nyingi linakosa oksijeni, na chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi udongoni kinabadilika tabia na kuiachia. Maji yote hayo mwisho wake ni ziwa Winnipeg, lenye kilomita za mraba zipatazo 24,500, linalokusanya maji ya nchi yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba milioni moja, zaidi ya theluthi moja ya Kongo yetu nzima. Kiangazi kinapofika, picha za setilaiti zinalionyesha likiwa na mikanda ya kijani inayozunguka kama maziwa yaliyomwagwa kwenye chai.

Naitrojeni sitaisemea sana. Inatosha kujua kwamba bakteria wa udongo hawaachi kabisa kazi hata baridi inapokaribia sifuri, kwa hiyo samadi iliyomwagwa mapema baada ya mavuno ina muda wa kugeuka nitrati kabla ya ardhi kuganda, na nitrati hiyo inakaa tu, bila mmea wa kuila, ikingoja maji.

Dawa, basi? Ya kwanza ni ile iliyomkera mpwa wangu. Manitoba inakataza kumwaga samadi kuanzia tarehe 10 mwezi wa kumi na moja hadi tarehe 10 mwezi wa nne. Ufini nayo imefunga mlango kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na moja hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Ni sheria butu, kwa sababu hali ya hewa haisomi kalenda, na jinsi majira ya baridi yanavyozidi kulegea, theluji inayeyuka katikati ya msimu na mvua inanyesha juu ya ardhi iliyoganda. Hata hivyo mimi naiona kuwa sheria nzuri. Inamlazimisha mfugaji ajenge tanki la kutosha miezi mitano, na tanki likishakuwepo anaweza kuchagua siku. Asiye na tanki hachagui, anamwaga siku lilipojaa.

Ya pili ni kuiweka mbolea ndani ya udongo badala ya kuimwaga juu, na kupima udongo kwanza ili mtu asiongeze fosforasi mahali ambapo tayari imejaa. Wapo wanaopindua shamba mara moja tu kila baada ya miaka kadhaa, ili ile fosforasi iliyojazana juu ichanganyike na udongo wa chini wenye njaa. Wapo wanaojenga mabwawa madogo ya kuzuia maji ya theluji yasikimbie yote kwa siku moja. Ufini walijaribu jasi, ile ile ya kutengenezea dari. Tangu mwaka 2016, wakulima wa karibu na pwani ya kusini-magharibi wamekuwa wakinyunyiza tani 4 za jasi kwa hekta kwenye udongo wao wa mfinyanzi. Chumvi yake inazifanya chembe za udongo zishikane na zisielee majini, na fosforasi inayotoka ikapungua kwa takribani nusu. Lakini mashamba yale ya Ufini yanapigwa na mvua nyingi majira ya vuli na baridi, na maji yake yanatoka na tope. Hata ndani ya nchi za baridi, chupa hazifanani.

Na hakuna dawa ya haraka. Fosforasi iliyorundikwa kwa miaka 50 haiondoki kwa miaka mitano. Udongo ulioshiba unaendelea kuvuja hata mkulima akiacha kabisa kutia mbolea.

Sasa Kabare. Tofauti kubwa kuliko zote siyo theluji. Wao wanapoteza ziada, sisi tunapoteza tusichokuwa nacho. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kukubaliana kwamba ifikapo 2015 mkulima wa bara hili atumie wastani wa kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Kusini mwa Sahara wastani ulibaki chini ya nusu ya hapo, na Kongo yetu iko miongoni mwa walio mkiani. Udongo wa milima yetu mingi ni wa kale, mchachu, mwekundu kwa chuma, na fosforasi kidogo iliyomo imeshikwa kwa nguvu. Mama anayelima maharage kwenye mteremko wa Walungu hana sukari ya kupoteza. Ana majani ya chai tu, nayo yanashuka na udongo kila mvua inapopiga.

Kwa sababu hiyo mifereji inayochimbwa kukata mteremko, yenye nyasi za malisho kama setaria au tripsakumu zilizopandwa ukingoni, ni dawa ya kweli hapa. Ukiushika udongo umeishika na fosforasi. Na tazama kitu ambacho wazee hawakukisoma popote: nyasi zile hazikai zikaoza. Zinakatwa na kupelekwa kwa ng'ombe na sungura, kisha zinarudi shambani zikiwa samadi. Kile ambacho watafiti wa nchi za baridi wanawaomba wakulima wao wakifanye kwenye ukanda wa nyasi, huku kinafanyika kwa sababu ng'ombe ana njaa.

Lakini tusijidanganye kwamba hatuna theluji. Tunayo, ila ya vumbi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane mvua inakatika, na kila kitu kinarundikana: samadi njiani, majivu ya mashamba yaliyochomwa mwezi wa nane, takataka kwenye mitaro ya Kadutu, maji ya sabuni yaliyokauka, uchafu wa vyoo vilivyojaa. Hakuna kinachotiririka, kama Manitoba mwezi wa kwanza. Halafu mwezi wa tisa mvua ya kwanza inakuja na kusomba akiba ya miezi mitatu kwa siku moja. Udongo uliochomwa na jua umefunga ngozi juu, maji hayaingii upesi. Majivu yana potasiamu, chokaa na fosforasi kiasi, na mengi ya hayo huyeyuka kirahisi. Mvua hiyo ya kwanza ina tope, ndiyo, lakini pia ina sukari, na mfereji wa kukata mteremko hauishiki sukari. Hapo somo la Manitoba linatufaa neno kwa neno: usiache mbolea juu ya ardhi ukingoja maji. Majivu na samadi ya kiangazi viwekwe chini ya paa au kwenye shimo lililofunikwa, mpaka siku ya kupanda.

Ziwa Kivu lenyewe linastahili makala yake. Lina kina cha mita 485, na maji yake ya chini, yenye chumvi na gesi, hayachanganyiki na ya juu. Sehemu kubwa ya virutubisho imefungiwa huko kilindini. Upepo wa kiangazi unakoroga tabaka la juu tu, mita 60 hivi, na kuleta chakula kidogo kwa mwani unaomlisha sambaza, yule samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanaochimba gesi ya metani upande wa Rwanda nao wanatakiwa kuyarudisha chini maji waliyoyavuta, yasije yakamwaga juu mbolea ya kilindini. Katika ziwa la namna hii, kinachoingia kutoka mitoni na mitaroni kinaingia kwenye lile tabaka jembamba la juu, ambamo samaki wetu wote wanaishi.

Nilimrekodia mpwa wangu jibu refu kuhusu simenti, nyanya na chai. Alilisikiliza akiwa kazini. Tarehe kumi ilipita, patroni akasubiri wiki nyingine mbili mpaka ardhi ikayeyuka na kukauka kidogo, kisha wakatoa mashine. Akanitumia video yake. Ina visu vinavyopasua udongo, mipira inayomwaga samadi ndani ya ufa, na magurudumu yanayofukia nyuma. "Mjomba," alisema, "si hivi ndivyo mama alivyokuwa akifanya na jembe? Muulize alikuwa anachimba kina gani. Patroni anataka kujua."

Nilimpigia dada yangu. Alicheka kwanza, kisha akaweka simu chini ili anionyeshe, akasahau kwamba simu yake haina picha. Niliposhindwa kuona alinieleza: unaingiza mkono, vidole vyote na kiganja, ukifika kwenye kifundo unaacha. Nikamwandikia kijana.